Kabla Mtoto Hajaangushwa: Mambo ya Kujua Kuhusu Aikido

(Muziki wa kufungulia kipindi, kisha unashuka polepole.)

Leo nina jambo ambalo huenda wengine wenu mtaliona geni. Tutazungumza juu ya aikido, mchezo wa kujihami uliotoka Japani, na yale ambayo mzazi anapaswa kuyajua kabla ya mtoto wake, au yeye mwenyewe, kuanza kujifunza.

Utaniuliza, muuguzi wa kliniki ya watoto ameingiaje huko? Nitakuambia. Jioni moja ya Jumamosi mama mmoja alinibishia mlango. Alikuwa na mwanawe wa miaka 9 amemshika mkono. Mtoto alikuwa ametapika mara mbili na sasa alikuwa anasinzia. Mama alidhani ni chapati za dukani. Nikamuuliza mtoto, "Leo ulikuwa wapi?" Akasema, "Kwa mazoezi." Ilikuwa siku yake ya pili. Mvulana mkubwa wa darasa lile alikuwa amemtupa kinyumenyume ili kuonyesha wengine jinsi inavyofanywa, naye akagonga kisogo. Mwalimu alimpa maji akamwambia akae kando. Hakuna aliyempigia mama simu. Mtoto naye hakusema, maana alikuwa amelilia nafasi ile kwa miezi na aliogopa asije akaondolewa.

Tulikwenda hospitali usiku uleule. Alipigwa picha ya kichwa, na kwa bahati njema hapakuwa na damu ndani. Ulikuwa mtikisiko wa ubongo. Alilazwa usiku mmoja, na baada ya wiki kadhaa alikuwa mzima kabisa. Lakini katika ile safari ya hospitali mama yake aliniambia neno ambalo ndilo limenileta leo. Alisema, "Sista, mimi niliuliza ada ni pesa ngapi na sare inauzwa wapi. Sikujua kuna jambo lingine la kuuliza."

Basi leo tujue la kuuliza.

Kwanza, aikido ni nini? Hapa kwetu watu wengi wanajua karate na taekwondo, maana zimeenea. Klabu za aikido ni chache, kwa hiyo watu huzichanganya zote. Katika karate mtoto hujifunza zaidi kupiga ngumi na teke. Katika aikido kazi kubwa ni kumkwepa anayekujia, kugeuka naye, kumshika mkono au bega na kumwongoza mpaka aanguke au alale chini. Aliyeianzisha ni Morihei Ueshiba, aliyezaliwa mjini Tanabe mwaka 1883 na kufariki mwaka 1969. Wanaosimulia maisha yake husema alikuwa mtoto dhaifu wa mwili, na baba yake akamhimiza aogelee na kushindana mieleka ili apate nguvu. Jina lenyewe la aikido lilianza kutumika rasmi mwaka 1942. Lina maneno matatu: kupatana, nguvu ya uhai, na njia.

Katika matawi mengi ya aikido hakuna mashindano. Hakuna medali, hakuna kumshinda mwenzako mbele ya watu. Liko tawi moja, lile lililoanzishwa na Kenji Tomiki, ambalo lina mashindano, lakini hilo ndilo la kipekee. Wanafunzi hufanya mazoezi wawili wawili. Mmoja anashika au anashambulia, mwingine anamwangusha. Baada ya mara nne hivi wanabadilishana. Aliyeangusha sasa anaangushwa.

Hapo niruhusuni nicheke kidogo. Yule anayeangushwa Wajapani wana neno lao la kumwita, na neno hilo kwa Kiswahili lina maana nyingine kabisa ambayo sitaitamka hewani saa hii. Mtoto akirudi nyumbani akalitaja mezani mbele ya babu yake, usimgombeze. Amelitoa mkekani, hakulitoa barabarani.

Sasa fikiria, mama. Kama kila mmoja huangusha na kuangushwa kwa zamu, maana yake nusu ya saa ya mazoezi mtoto wako yuko njiani kwenda chini. Ndiyo sababu fundisho la kwanza katika aikido ni kuanguka, na wao wanaliita ukemi. Mwanafunzi mpya huweza kukaa wiki kadhaa akijifunza kuanguka tu. Watoto huchoka na jambo hili. Wanataka kuruka kama walivyoona kwenye filamu. Na mzazi naye akiona mwezi umeisha na mtoto bado anabiringika tu, hujiuliza pesa zake zinakwenda wapi. Zinakwenda mahali panapofaa. Mwalimu anayemfundisha mtoto kuanguka kwa mwezi mzima kabla ya kumruhusu mtu yeyote amwangushe, huyo ndiye mwalimu wa kumtafuta. Yule anayemtupa mtoto siku ya pili ili darasa lifurahi, huyo mkimbie.

Kuanguka kunafundishwaje? Nitaeleza polepole ili ukienda kuangalia uweze kujua wanafanya au hawafanyi.

Huanzia chini kabisa. Mtoto anaketi, anavuta kidevu kifuani, anatazama fundo la mkanda wake, anauviringisha mgongo kama mtungi na kujilaza nyuma taratibu. Kidevu kikiwa kifuani, kisogo hakifiki chini. Hilo ndilo jambo la maana kuliko yote nitakayosema leo. Akiweza hivyo akiwa ameketi, anafanya akiwa amechuchumaa. Akiweza akiwa amechuchumaa, ndipo anafanya akiwa amesimama. Hakuna kuruka hatua.

Jambo la pili ni mikono. Sisi sote tukianguka tunatanguliza kiganja ili kujizuia. Ni silika. Na hapo ndipo watoto huvunjika kifundo cha mkono au karibu na kiwiko. Sisi wa kliniki tunawaona kila msimu wa maembe, wakitoka mtini. Mkekani mtoto hufundishwa asiweke kiganja nyuma yake. Badala yake hupiga mkeka kwa mkono wote, kutoka kiganja hadi kiwiko, mkono ukiwa kando ya mwili kidogo, ili nguvu ya kuanguka isambae.

Kubiringika mbele ni kugumu zaidi. Mtoto habiringiki kwa utosi kama wanavyofanya wakicheza nyasini. Anapita juu ya mkono wake uliopinda kama upinde, kisha bega, kisha mgongo kwa mshazari, mpaka kiuno cha upande wa pili. Kichwa hakigusi chini, wala shingo haibebi uzito. Ukiona watoto wanabiringika kwa utosi na mwalimu hasemi kitu, umekwisha kupata jibu lako.

Tafadhali, mambo haya yasifanyiwe nyumbani kwenye sakafu ya saruji. Wala kwenye kitanda, maana kitanda kina mbao. Mtoto akitaka kuwaonyesha wadogo zake, akubali kuonyesha ile ya kuketi na kujiviringisha nyuma juu ya blanketi nene, basi. Mengine ni ya mkekani.

(Muziki mfupi.)

Najua yuko mama anayesema, huyu sista anatutisha, mchezo wenyewe hauna hata mashindano. Sikilizeni. Aikido ina ndugu yake anayeitwa judo, wa Japani vilevile, ambaye pia kazi yake ni kuangusha. Japani kwenyewe, ambako walimu ni wengi na mikeka ni mizuri, watoto zaidi ya 100 walifariki katika mazoezi ya judo ya shule katika muda wa karibu miaka 30 kuanzia 1983. Wengi wao waliumia kichwani. Na walioathirika zaidi walikuwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza, yaani wale ambao bado hawajajua kuanguka, wakitupwa na waliowazidi. Mwaka 2010 wazazi wa watoto walioumia na waliofariki waliungana wakaunda chama chao na kuanza kudai mabadiliko. Tangu hapo usalama umetiliwa mkazo na vifo vimepungua sana. Sisemi haya ili uogope. Nasema ili ujue kwamba hatari iko hasa mwanzoni, na kwamba inazuilika.

Katika aikido, mitupo ya kuangalia kwa jicho kali ni ile ya kinyumenyume, hasa ule ambao mkono wa mtu hukunjwa nyuma ya bega lake kisha anashushwa. Mkono ukiwa umeshikwa, hawezi kujigeuza, na kichwa kikitangulia hakuna cha kukizuia. Mtupo huo si wa mgeni. Akiufanya, aufanye polepole, na anayemwangusha amshushe kwa mkono mpaka chini.

Sasa tuseme mtoto amegonga kichwa. Ufanye nini?

Siku hiyo mazoezi yake yamekwisha. Hata kama anasema yuko sawa, hata kama analia anataka kurudi. Si lazima awe amezirai ndipo ubongo uwe umetikisika. Wengi hawazirai kabisa. Kaa naye karibu kwa saa 24 hadi 48, maana dalili nyingine huja baadaye. Mpeleke hospitali mara moja, usingoje asubuhi, ukiona anatapika zaidi ya mara moja, kichwa kinazidi kumuuma, anasinzia kupita kawaida au haamki vizuri, anachanganyikiwa au hawatambui watu, anaongea kwa kuburura ulimi, mkono au mguu umelegea, mboni moja ya jicho ni kubwa kuliko nyingine, amepata degedege, au majimaji au damu inatoka puani au sikioni. Shingo ikiwa inauma sana au hawezi kusogeza viungo, usimnyanyue wala kumgeuza hovyo. Mwache alivyo, mzuie asitikisike, mwite msaada.

Watu huuliza kama ni kweli mtoto asiachwe alale. Kama hana dalili yoyote kati ya hizo na usiku umefika, anaweza kulala, lakini mwangalie mara kwa mara, uone anapumua vizuri na anaamka ukimwita. Maumivu ya kichwa yakiwepo, mpe paracetamol kwa kipimo cha umri na uzito wake. Usimpe mtoto aspirini.

Akiambiwa na daktari kuwa ni mtikisiko wa ubongo, apumzike siku moja au mbili, kisha arudie shughuli zake kidogo kidogo. Masomo kwanza. Kutembea na mazoezi mepesi baadaye. Kuangushwa ni mwisho kabisa, na ni baada ya daktari kuruhusu. Watoto wengi hupona ndani ya wiki 4. Lakini akigongwa tena kabla hajapona, madhara huwa makubwa mno. Mama, hapo ndipo unapotakiwa kuwa mgumu. Mwalimu akikwambia mtihani wa mkanda ni Jumamosi hii na mtoto atachelewa, mwache achelewe.

Niondoke kichwani nije kwenye viungo. Aikido ina mbinu nyingi za kukunja kifundo cha mkono, kiwiko na bega. Mtu mzima akikunjwa anahisi maumivu na kujua mpaka wake. Mtoto ni tofauti. Karibu na ncha za mifupa yake kuna sehemu laini ambako mfupa bado unakua, na zikiumia mfupa unaweza kupinda au kubaki mfupi. Tena viungo vya watoto wengi ni vyepesi kupinda, kwa hiyo mtoto husema "bado haiumi" wakati amekwisha kupita mpaka. Walimu wenye uzoefu huwaachia watu wazima mbinu kali za kifundo, na watoto huwafundisha kukwepa, kugeuka, kushika na kuangusha kwa upole. Uliza wazi: "Mwalimu, watoto wa umri huu wanakunjwa viungo?" Jibu litakuambia mengi.

Kuna ishara moja ambayo mtoto anapaswa kuijua kabla hata ya kuvaa sare. Ukibanwa na inatosha, unapiga mkeka mara mbili kwa mkono, au unampiga mwenzako, au unasema. Naye mwenzako anaachia papo hapo, bila kubishana. Hii mnaweza kuifundishia nyumbani. Mtekenye mtoto, akikugonga mara mbili, acha. Acha kabisa, hata kama anacheka. Mgeuze zamu, yeye akutekenye, ukigonga aache. Utashangaa jinsi watoto wengine wasivyoweza kuacha mwanzoni. Mtoto aliyezoea kwamba akisema basi anasikilizwa, hilo atakwenda nalo mbali kuliko mkekani, na ninyi akina mama mnajua ninasema nini.

(Muziki mfupi.)

Nani apite kliniki kwanza kabla ya kuanza? Mtoto mwenye pumu anaweza kucheza, mradi pumu yake imedhibitiwa na dawa yake ya kuvuta iko ukumbini, isiwe imeachwa nyumbani kabatini. Mwalimu aonyeshwe inavyotumika. Mwenye kifafa aulize daktari wake, na mwalimu ajue la kufanya akishikwa.

Mtoto mwenye selimundu, na hawa ni wengi kule Nyanza, Magharibi na Pwani, asianze bila ushauri wa kliniki yake. Akiruhusiwa, anywe maji mara kwa mara, apumzike anapochoka bila kuchekwa, na asikae na nguo zilizoloa jasho penye baridi. Uchovu, kiu na baridi huweza kumwamshia maumivu.

Liko jambo moja ambalo hata walimu wazuri hawalijui, nalo ni wengu, au bandama. Mtoto aliyeugua malaria mara nyingi, au mwenye selimundu, au aliyepata kichocho kwa muda mrefu, wengu wake huweza kuvimba na kushuka chini ya mbavu upande wa kushoto. Wengu uliovimba ukigongwa unaweza kupasuka, na damu kumwagikia tumboni bila kuonekana. Ukiwa unajua mtoto wako ana historia hiyo, mwombe mhudumu wa kliniki amlaze na amguse tumbo. Ni kazi ya dakika mbili. Ukikutwa umevimba, asiangushwe mpaka atibiwe na upungue.

Na wewe mama mwenyewe, kama unataka kuingia, karibu, umri si kikwazo. Lakini ukiwa mjamzito huu si wakati wa kuanza kuanguka. Baada ya kujifungua subiri mpaka kliniki ikuruhusu, na kama ulipasuliwa, subiri zaidi. Magoti nayo. Aikido ina kupiga magoti kwingi, na mbinu nyingine hufanywa watu wakitembea kwa magoti. Kama yako yanalia ukiinuka kwenye kigoda, mwambie mwalimu siku ya kwanza, ukae unavyoweza. Hakuna dhambi kukaa miguu ikiwa imekunjwa mbele.

Kuhusu ukumbi, ambao wao huuita dojo, nenda kauone kabla hujalipa. Usitazame picha ukutani. Tazama chini. Mikeka iwe imeshikana, maana kwenye nafasi kati ya mkeka na mkeka ndipo kidole cha mguu huingia na kuvunjika. Klabu ndogo nyingi hutumia sponji nene iliyofunikwa turubai, na hiyo hufaa kama turubai limevutwa likakaza. Zulia juu ya saruji si mkeka. Angalia nguzo, kona za meza na vioo vya madirisha viko umbali gani. Angalia pia watoto ni wangapi kwa nafasi hiyo. Watoto 20 wakibiringika kila upande katika chumba cha watu 8, mmoja atamwangukia mwenzake.

Watu huingia mkekani miguu mitupu. Kwa hiyo mtoto avae ndara mpaka ukingoni mwa mkeka, azivue hapo, na azivae tena akienda chooni. Aoshe miguu. Kucha za mikono na miguu zikatwe, hereni, bangili na shanga zibaki nyumbani. Mwenye choa, mapunye au upele atibiwe kwanza, maana ngozi hukutana na ngozi. Kidonda kifungwe, na damu ikidondoka mkekani mazoezi yasimame, ifutwe kwa dawa. Binti anayejifunika kichwa aweza kuendelea kujifunika, kitambaa kikazwe bila pini. Na sare usiharakie. Mwezi wa kwanza suruali ndefu laini na fulana ya mikono mirefu vinatosha. Mtoto akidumu, tafuta sare, na ukibahatika utaipata hata kwenye mitumba kwa bei nzuri, ile nzito ya judo inafaa.

Asile akashiba kabla ya kuja. Uji au ndizi saa mbili kabla, na chupa ya maji mkononi.

Mwalimu je? Muulize alijifunza wapi, kwa nani, na kwa miaka mingapi. Mwalimu wa kweli hakasiriki akiulizwa. Mkanda mweusi usikutishe. Daraja ya kwanza ya mkanda mweusi, kwa Kijapani, jina lake lina maana ya daraja ya kuanza. Hufikiwa baada ya miaka kadhaa ya mazoezi, na mwenye kukuahidi mkanda mweusi kwa miezi 6 anauza kitambaa. Uliza nani anajua huduma ya kwanza, na mtoto akiumia anapigiwa nani simu. Acha namba yako kwa maandishi.

Na hili nitalisema bila kuzunguka. Katika mchezo huu watu wazima huwagusa watoto, huwashika na kuwalaza chini. Kwa hiyo mlango wa ukumbi uwe wazi na mzazi aruhusiwe kuketi na kutazama siku yoyote anayotaka. Mtoto asibaki peke yake na mwalimu chumba cha kubadilishia nguo, wala asipewe mafunzo ya siri ya nyumbani kwa mwalimu. Kuchapwa kwa jina la nidhamu hakukubaliki. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inamlinda mtoto dhidi ya adhabu ya viboko. Ukiwa na wasiwasi, namba 116 ni ya kusaidia watoto kote nchini na haikutozi kitu.

Wengine mnapeleka mabinti kwa sababu ya ile njia ya giza kutoka steji hadi nyumbani. Ninawaelewa, nami nina binti. Ila nisiwadanganye. Miezi michache ya aikido haitamfanya mtoto wa miaka 12 amshinde mwanamume mzima. Aikido huchukua miaka kukaa mwilini. Atakachopata mapema ni kusimama imara, kukwepa mkono unaomjia, kuanguka na kuinuka haraka bila kuumia, na kutoona haya kupiga kelele. Vinamsaidia kukimbia. Mwambie wazi kwamba kukimbia na kupiga kelele ndiko kujihami, asije akasimama kushindana kwa sababu ana mkanda wa manjano. Na wewe endelea kumpokea steji.

Dakika zimebaki chache, na nina barua moja ya nyanya kutoka Malindi. Anasema anamlea mjukuu wa kiume wa miaka 8 aliyezaliwa na hali ya Down. Watoto wa jirani wameanza mazoezi naye kila siku huvaa shuka kama sare na kuinama mlangoni akisalimu. Anauliza, je, ampeleke?

Nyanya, asante, na shikamoo. Watoto wenye hali ya Down wanaweza kufurahia sana mazoezi haya. Kuna salamu, kuna utaratibu, kuna mwenza. Lakini mishipa inayoshikilia mifupa miwili ya juu ya shingo, kwa baadhi yao, huwa imelegea. Mtoto kama huyo akibiringika au akiangushwa, mifupa hiyo inaweza kuteleza na kuumiza uti wa mgongo. Kwa hiyo kabla ya yote mpeleke kwa daktari wa watoto, umwambie neno hili hili: nataka ashiriki mchezo wa kuanguka, naomba shingo yake ichunguzwe. Picha ya eksirei peke yake haitoshi, ampime pia nguvu za mikono na miguu na mwendo wake. Nyumbani wewe mwangalie. Kama shingo inamuuma, kichwa kinainamia upande, ameanza kujikwaa au kuvuta mguu, mikono imekuwa dhaifu, au ameanza kujikojolea wakati alikwisha kuacha, usingoje siku ya kliniki, mpeleke siku hiyo hiyo. Daktari akiruhusu, aingie. Akikataa kuanguka, mwombe mwalimu amruhusu mjukuu wako afanye salamu, kutembea, kugeuka na kushikana mikono na wenzake, asibiringike wala asiangushwe. Sehemu kubwa ya aikido imo humo. Na hayo daktari ayaandike kwenye karatasi, umpe mwalimu nakala, nawe ubaki na nyingine ndani ya kadi ya kliniki.

Maswali mengine tutayajibu wiki ijayo. Kwaherini kwa sasa, na jioni njema.

(Muziki wa kufungia.)